Inchi Mbili za Kiuno

Tolley, Missouri
15 Januari 2018

Mdogo wangu Nadine,

Salamu kutoka kwenye baridi. Bomba la jikoni limeganda mara mbili wiki hii, na mbwa amegoma kutoka nje hata kwa haja zake. Mimi mzima. Carlene akikupigia simu na kukuambia vinginevyo, mwambie umepata barua ya baba yake na barua inasema mzima.

Nakuandikia kwa ajili ya suruali. Usicheke. Mwaka mzima nimenunua nne za dukani na zote zimenitia aibu. Ya kwanza ni nzito kama turubai. Imara, siwezi kuisingizia, ila nikikaa kwenye pikapu inanikata tumbo. Ya pili ni laini, inavutika, raha tupu nikichuchumaa kwenye ua wa ng'ombe, lakini nikishachomeka bastola kiunoni upande mmoja unashuka, natembea nimeishika kwa mkono kama bwana harusi aliyesahau mkanda. Ya tatu ina mifuko kumi na miwili. Kuivaa ni sawa na kujiandika mgongoni kwamba una silaha. Glenda Mabry, yule mjane wa mbele ya posta, aliniuliza kama jeshi limeanza kuchukua wazee. Ya nne ilichanika msamba nikiwa nimepiga magoti kwenye sala, na sitaki kuizungumzia.

Unajua kazi yangu. Kila Jumapili nasimama kulinda mlango wa mashariki wa kanisa, ule wanaoingilia watoto, nikiwa na bastola ya Baba chini ya shati kwa ruhusa ya mchungaji. Tuko wanaume wanne, na mgeni akiingia hawezi kujua ni akina nani tuliobeba silaha. Ndivyo inavyotakiwa. Miaka sita sasa, na tangu Jolene afariki, mlango ule ndio kitu pekee kinachonifanya ninyoe ndevu. Wakininyang'anya ule sijui nitaamkia nini.

Kwa hiyo nishonee mbili. Ziwe za kawaida, za kanisani Jumapili na za kufunga seng'enge Jumatatu. Ukanda wa kiuno usijikunje. Vitanzi vya mkanda vipana. Kiuno thelathini na sita, kama siku zote. Kiuno changu hasa ni thelathini na nne, unakijua. Zile inchi mbili ni za bastola.

Safari hii kile kiraka kigumu cha ndani kinachokinga bitana na bastola kiweke kushoto, si kulia. Mgongo unanisumbua nikiendesha. Na kiunoni utie kulabu badala ya kifungo. Uniwie radhi kwa mwandiko, naandikia juu ya goti garini.

Kaka yako,
Orville


Wichita, Kansas
24 Januari 2018

Kaka Orville,

Barua nimeipata na Merle amenisomea kwa sauti huku anakula. Tulipofika kwenye msamba na sala mume wangu alipaliwa na uji wa mahindi, nusura niwe mjane kama Glenda.

Sasa tuongee mimi na wewe. Nashona suruali za watu wa namna yako miaka ishirini na sita. Polisi, wafugaji, yule mama wa benki mwenye sauti ndogo, wote wanapita mezani kwangu. Mtu akileta suruali kupunguzwa miguu, najua chuma chake kinakaa wapi kabla hajafungua mdomo, kwa sababu bitana imelika hapo na mkanda umeacha alama. Yako najua. Kulia, nyuma kidogo ya mshono wa pembeni, tangu Carlene yuko kwenye nepi. Mkono wa mtu unazoea mahali pake na hauhami.

Katika miaka yote hiyo, waliohamisha chuma kutoka kulia kwenda kushoto nimewaona watatu. Mmoja alivunjika bega. Wawili walikuwa wamepata mwanamke. Mwanamke anakaa upande wa kulia kwenye pikapu, anamwegemea dereva, chuma kinamchoma ubavu, analalamika, bwana anakuja kwangu na hadithi ya mgongo.

Na kulabu badala ya kifungo! Mzee wa miaka sitini na tisa ana haraka gani ya kuvua suruali?

Sikatai, Kaka. Jolene ana miaka minne kaburini, na yeye mwenyewe alikuwa akisema usikae peke yako utageuka mbweha. Ninachokataa ni kufichwa. Merle anasema hukwenda kuwinda kulungu Novemba. Hujawahi kukosa siku ya kufungua msimu tangu mimi nina meno ya utoto. Nilipopiga simu ulisema mafua. Sasa mgongo. Kesho itakuwa sikio.

Ni nani? Kitambaa nimeshachagua. Ni pamba nzito iliyochanganywa na uzi kidogo wa kuvutika, rangi ya udongo. Sikati mpaka nijibiwe.

Mdogo wako mwenye mkasi mkononi,
Nadine


Tolley, Missouri
2 Februari 2018

Nadine,

Umenikamata. Ni Glenda.

Bastola humchoma ubavu kwenye pikapu, kama ulivyosema. Ijumaa huwa tunakwenda kula samaki wa kukaanga kule ziwani. Ni mwanamke mzuri. Analeta pai ya pichi. Novemba nilikuwa naye, ndiyo maana sikwenda kuwinda.

Usimwambie Carlene. Usimwandikie Glenda pia, ana haya.

Naandika kwa mashine ya ofisi ya kanisa kwa sababu wino wa kalamu umeganda. Kata suruali sasa.

ORVILLE


Wichita, Kansas
14 Februari 2018

Kaka,

Suruali mbili hizi hapa. Barua iko mfuko wa kulia, kama kawaida yetu. Ukanda nimeutia kitambaa kigumu ndani, mara mbili, hautajikunja hata ukitundika nyundo. Vitanzi saba badala ya vitano. Paja nimelipa nafasi ili ukikaa usibanwe, na mifuko nimeishona kwa kitambaa cha gunia la ngano, hiyo haitoboki leo wala kesho. Ukisimama mlangoni na shati nje, utaonekana mzee wa kawaida aliyependeza kidogo. Kiraka kiko kushoto. Kulabu ziko mbili, pana, hata kipofu atazifunga.

Nilishona nikiwa na furaha siku mbili. Siku ya tatu nikakaa na barua yako na furaha ikaniishia.

Kaka yangu ninayemfahamu mimi, alipompata Jolene aliniandikia kurasa tisa. Tisa! Mpaka rangi ya soksi zake niliijua. Huyu wa Februari ana mpenzi mpya na amemmaliza kwa mistari sita. Minne kati ya hiyo ni maneno yangu mwenyewe umenirudishia. Halafu wino umeganda, sawa, lakini jina? Umeshindwa hata kutia sahihi yako chini ya barua? Jina limepigwa kwa mashine, herufi kubwa, kama tangazo la mbwa aliyepotea.

Nimejiuliza kama ni wewe uliyeandika. Nimejiuliza kama Glenda amekaa mezani kwako anajibu barua zako, na kama leo anajibu barua kesho atajibu nini. Una nyumba, una ng'ombe thelathini, una bastola ya Baba. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba lisemwalo lipo, na Carlene amenipigia. Anasema baba yake hataki aje Jumapili. Anasema ukimwona anakaribia unatia mikono mfukoni.

Una nini, Kaka? Niandikie kwa mkono wako. Mstari mmoja unatosha.

Nadine


Tolley, Missouri
5 Machi 2018

Nadine,

Suruali zinanikaa sawasawa. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na hilo nalisema ingawa nimekasirika.

Wewe na Carlene mmeanza lini kunichunguza? Alikuja Jumamosi bila kualikwa, akatazama kwenye kabati, akahesabu vidonge vyangu, akauliza funguo za pikapu ziko wapi. Maswali yake yalikuwa maneno yako. Najua mnachotaka. Mnataka niondoke mlangoni, nipewe kiti cha nyuma na blanketi, halafu nisindikizwe kwenye ile nyumba ya wazee kule mjini inayonuka supu. Baba alibeba bastola hii mpaka siku anaanguka, na hakuna aliyemhesabia vidonge.

Glenda hajambo. Achana naye.

ORVILLE


Tolley, Missouri
30 Machi 2018

Nadine,

Najua sijakuandikia vizuri. Tusamehane, ni wiki ya Pasaka.

Narudisha suruali moja. Cheche ya kuchomelea imetoboa paja la kushoto nikitengeneza geti la ng'ombe. Tundu ni dogo. Usifungue bitana, ziba tu kwa juu, na unirudishie haraka. Hiyo nyingine imelowa kahawa na haitakati, na hizi za dukani siwezi tena kuzivaa, umeniharibu.

Mlangoni kila kitu shwari.

ORVILLE


Wichita, Kansas
4 Aprili 2018

Mpendwa Bi Glenda Mabry,

Hunifahamu vizuri. Mimi ni dada yake Orville Pruett, yule fundi wa Wichita. Tulisalimiana kwenye mazishi ya Jolene, ulivaa kofia ya kijani.

Kaka yangu ameniambia habari zenu, za Ijumaa na samaki, na kwamba unapanda pikapu yake. Alinikataza nisikuandikie. Naandika hata hivyo, na sikuandikii kwa ugomvi, ingawa sitakuficha, kwa wiki kadhaa nilikuwa nakudhania vibaya. Nina suruali yake mezani hapa na kuna jambo ndani yake sipendi kulitazama peke yangu.

Tafadhali niambie ukweli mmoja. Mikono yake inaendeleaje?

Wako kwa heshima,
Nadine Hodges


Tolley, Missouri
9 Aprili 2018

Mpendwa Bi Nadine,

Nimesoma barua yako mara mbili nimesimama pale pale posta. Samaki gani? Ijumaa ipi? Mimi sijawahi kupanda pikapu ya kaka yako hata siku mvua ilipoharibu viatu vyangu na yeye akanipita! Kama ananitaka, Bi Nadine, amenitaka kimyakimya sana, na mwambie mimi si mlima, anaweza kuja akabisha hodi.

Pai nilimpelekea, hilo ni kweli, mbili. Mara zote mbili hakuipokea. Alifungua mlango kwa kiwiko akaniambia niweke mezani mwenyewe, mikono iko mfukoni. Nilidhani ni ukosefu wa adabu nikarudi nimekasirika.

Lakini umeuliza swali, nami nimelifikiria. Kaka yako hasalimii mtu kwa mkono tangu Novemba. Anasimama pale mlangoni, mikono mfukoni, anatikisa kichwa, anasema ana mafua hataki kutuambukiza. Miezi mitano ya mafua! Sisi tunaopita tumeshazoea. Kwenye kahawa baada ya ibada hachukui kikombe tena. Siku moja alichukua, akakishika kwa mikono miwili kama mtoto, na bado alijimwagia paja zima, akatoka nje bila kuaga.

Nyingine iliyonijia kichwani ni ya kuchekesha tu. Jumapili ya Matawi watoto walipangwa kwenye maegesho wakiwa na matawi yao, wanasubiri kuingia wakiimba. Kaka yako alikuwa bado amekaa ndani ya pikapu, na pikapu ikapiga mlio mkubwa, paa! Watoto waliruka, halafu wakacheka, Lyle Beecham akasema pikapu ya Pruett imekohoa tena. Orville hakucheka. Alikaa mle ndani mpaka wimbo wa mwisho.

Niambie kama kuna lolote naweza kufanya. Na sikulaumu kwa kunidhania, hata mimi ningejidhania.

Glenda Mabry


Wichita, Kansas
12 Aprili 2018

Kaka yangu Orville,

Suruali sikurudishii.

Uliniambia nisifungue bitana. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya. Cheche inakuja kutoka nje, inaunguza uzi wa juu, inaishia hapo na pambizo yake inakuwa ngumu. Nimeziba za mafundi wa kuchomelea mia na zaidi. Tundu lako limeanzia ndani. Limeanzia kwenye kile kiraka kigumu nilichokushonea mimi kwa mkono wangu, likatoboa bitana, likatokea pembeni ya paja juu ya goti, na bitana nzima ina weusi wa baruti. Niliinusa. Nikamwita Merle akainusa, akasema ni baruti.

Glenda amenijibu. Ndiyo, nilimwandikia. Kwa hiyo najua hakuna samaki, na najua pikapu ilikohoa Jumapili ya Matawi, na najua nani walikuwa wamesimama nje ya mlango wako na matawi mkononi.

Nimekuwa mjinga, Kaka, na hilo ndilo linaniuma. Uliniambia kushoto, nikasema mwanamke. Uliniambia kulabu, nikakutania. Mwandiko ulikuwa umevurugika, nikaambiwa garini, nikakubali. Halafu mashine, halafu jina bila sahihi, na mimi nikaanza kumwinda mjane wa watu! Mkono wa kulia ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu, nikashona suruali ya kuuficha, tena nikaishona vizuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekishonea nguo.

Mama alianza hivyo hivyo. Unakumbuka kijiko kilivyokuwa kikigonga sahani. Ulikuwa mkubwa kuliko mimi, unakumbuka vizuri zaidi, na nadhani ndiyo maana umenyamaza.

Najua mlango ule ni nini kwako. Sijasahau siku Jolene alipozikwa, Jumapili iliyofuata ulisimama pale pale umenyoa, na mimi nikamwambia Merle, atapona. Lakini wewe ulisimama pale ili watoto wasiumizwe na mtu mwenye bastola. Sasa niambie, Jumapili ya Matawi mtu huyo alikuwa nani?

Nimemwandikia mchungaji wenu. Barua iko mezani, ina stempu, sijaituma. Nakupa Jumapili mbili. Uende mwenyewe ukamwambie, kwa mdomo wako. Usipokwenda, nitaituma, na utanichukia, nami nitachukiwa mpaka nife lakini nitaituma. Mficha maradhi kifo humuumbua, Kaka, na hiki kifo kingeweza kuwa cha mtoto wa mtu.

Jambo la mwisho. Ungeweza kuichoma ile suruali. Una pipa la kuchomea nyuma ya zizi. Badala yake uliikunja, ukaipeleka posta, ukamtumia mtu mmoja duniani ambaye kazi yake ni kusoma matundu. Mimi nadhani ulitaka niisome. Nimeisoma.

Dada yako anayekupenda,
Nadine


Tolley, Missouri
23 Aprili 2018

Mdogo wangu Nadine,

Naandika kwa mkono. Utaona. Ukurasa huu umenichukua asubuhi nzima na kikombe cha kahawa chenye mrija, aibu ya mwisho.

Ichane ile barua ya mchungaji. Nilikwenda Jumanne. Carlene aliendesha. Nilimwekea mchungaji bastola mezani, imefunguliwa, tupu, nikamwambia yote. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

Ilikuwa hivi. Nilikaa garini, kiuno kikanibana, nikasema niisogeze bastola kidogo kabla ya kushuka. Mkono wa kushoto haujazoea, wa kulia ukaja kusaidia bila kuitwa, kwa mazoea ya miaka arobaini, na ukiwa umeshika hapo ukaanza kutetemeka. Basi. Risasi ilipita kwenye suruali bila kunigusa ngozi, ikaingia kwenye mlango wa pikapu, ikakwama kwenye chuma cha kupandishia kioo. Upande wa pili wa bati lile alikuwa yule binti mdogo wa Beecham, amenipa mgongo, anapunga tawi lake. Nilimwona kisogo. Nywele zake zilikuwa zimefungwa utepe wa njano. Nadine, namwona kila nikifumba macho. Sitaki kuacha kumwona.

Nilikaa mle ndani nikijiambia hakuna aliyejua. Jumapili ya Pasaka nilirudi mlangoni nikiwa na bastola ile ile kiunoni. Hilo sijalisamehe, na sikuombi wewe unisamehe. Umesema kweli kuhusu pipa la kuchomea. Nilishika kiberiti. Sikujua kwa nini siwashi mpaka niliposoma barua yako.

Ndiyo, ni ule ugonjwa wa Mama. Daktari wa Springfield ameutaja kwa jina lake, Parkinson, na amenipa vidonge, na Carlene anavihesabu, na mimi nimemwacha ahesabu.

Lyle alipoambiwa juu ya binti yake alikuja hapa. Akasema nifungue ule mlango wa pikapu, akaitoa risasi mwenyewe kwa koleo, akaondoka nayo. Mlango wa mashariki amepewa yeye. Nimekaa ndani Jumapili moja sasa, benchi la tatu, na sikudanganyi, nachukia. Shingo yangu inageuka yenyewe kila mlango unapolia. Glenda alikuja akakaa kulia kwangu. Alisema amesikia kwamba tumekuwa wapenzi tangu Novemba na anadai samaki wake. Wakati wa kupeana amani aliunyoosha mkono wake mbele yangu, akangoja, mpaka nikatoa wangu mfukoni. Uliruka mle ndani ya kiganja chake kama samaki huyo anayemdai, naye hakuuachia mpaka sala ikaisha.

Sasa nishonee suruali. Kitambaa kile kile, rangi ile ile, paja lenye nafasi. Kulabu zibaki. Vitanzi vitano vinatosha. Kiraka usitie kokote.

Kiuno thelathini na nne. Usiongeze kitu. Tangu Carlene yuko kwenye nepi sijavaa suruali ya kiuno changu mwenyewe, kwa hiyo sijui itanikaaje.

Kaka yako,
Orville